Mlango wa Mabenevole

Neno lenyewe tulilipata kwenye masomo ya jioni, hapa Likasi, katika miaka ile ambayo kampuni ya migodi ilikuwa inasahau kulipa watu na watu walikuwa wanasahau ladha ya nyama. Mwalimu wetu wa Kifaransa, mtu mwembamba kiasi kwamba akigeuka ubavu mbele ya ubao ulikuwa unaona chaki tu ikitembea, aliandika: bénévole. Akaeleza kwamba huyo ni mtu anayefanya kazi kwa hiari yake, bila mshahara.

Kisha sauti moja kutoka nyuma ikauliza:

"Mwalimu, basi Likasi nzima ni babenevole?"

Tulicheka mpaka madawati yakasogea. Mwalimu naye alicheka, na yeye ndiye hasa aliyekuwa na sababu ya kulia, maana mshahara wake ulikuwa umekufa na kuzikwa. Halafu taa zikazimika. Mimi husema hata mitambo ya umeme ya Koni ilicheka siku ile ikashindwa kuzunguka. Watu huniambia naongeza chumvi. Naongeza, kweli. Katika miaka ile chumvi ilikuwa kitu cha pekee nilichoweza kuongeza.

Aliyeuliza swali ndiye akawa rafiki yangu. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana ya kampuni, mikono yote imejaa vidoa vya cheche, na alikuwa akija darasani na miwani yake ya kazi imekaa juu ya paji la uso kama macho ya akiba. Tulikuwa tunarudi nyumbani pamoja, tukitaniana njia nzima, na katika utani huo klabu ikazaliwa. Kama wote tunafanya kazi bure kwa wakubwa, akasema, kwa nini tusifanye bure kidogo kwa ajili ya avenyu yetu?

Tulikuwa watu watano. Yeye tulimfanya Prezida. Mimi, kwa sababu ya mdomo wangu, nilifanywa Msemaji. Mshonaji wa kona, Mwislamu ambaye baba yake alitoka Maniema na bidhaa zake, akawa Makamu. Mama aliyekuwa anauza mikate, yale maandazi ya duara ya kukaangwa, akawa Mshauri Mkuu, maana alikuwa anashauri hata bila kuombwa. Wa tano alikuwa mtu wa kanisa, karani wa duka fulani. Yeye tulimpa Hazina. Hazina yenyewe hatukuwa nayo, lakini alikuwa na koti lenye mifuko ya ndani. Mwanachama wa kawaida hatukuwa naye hata mmoja. Prezida alikuwa akisema ndiyo shida ya nchi nzima, sisi tumeifupisha tu.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuzibua mitaro. Tulitokea asubuhi na majembe, na avenyu nzima ikafunga madirisha. "Salongo imerudi!" watu walipiga kelele. Salongo ilikuwa kazi ya lazima, ile ya wakati wa Chama kimoja, ambapo ukikosa kufagia barabara unafagiwa wewe. Baba mmoja aliruka ukuta wa nyuma na kitambulisho chake mdomoni. Ilibidi mimi, Msemaji, nisimame katikati ya barabara na kuhubiri kwamba hakuna anayelazimishwa. Hawakuniamini. Mtu anayefanya kazi bila kulipwa na bila kutishwa hawakuwa wamemwona.

Kilichotufanya tujulikane si mitaro. Ni mlango.

Gari la wagonjwa la kampuni lilikuwa limewekwa juu ya matofali, kuku wanataga ndani. Kutoka kwetu mpaka hospitali ni kilima, na wagonjwa walikuwa wanapandishwa kwa mgongo au kwa baiskeli. Siku moja mama wa avenyu ya jirani alikatika pumzi juu ya baiskeli, mume wake anasukuma bila kujua. Aliendelea kumwongelesha mpaka getini. Tuliwaona wakipita. Tulimsikia anamwambia kwamba wamebakiza kidogo.

Kesho yake nilimkuta rafiki yangu mbele ya nyumba, anafungua bawaba ili autoe mlango wake. Ulikuwa mlango wa nyumba za kampuni za zamani, mbao za mulombwa tupu, rangi ya kijani, mzito kuliko mimi na vitabu vyangu vyote. Mama yake, aliyekuwa anaishi naye, alisimama pembeni na mikono kiunoni.

"Unatosha mulango? Na bezi?"

"Mama, mwizi akiingia humu atatuonea huruma. Ataacha kintu."

"Mungu wangu. Nilizaa mutoto, nikazaa na kichwa yake peke yake mbali."

Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyetoa kitenge chake cha ndoa na kukitundika pale mlango ulipokuwa.

Rafiki yangu aliulaza mlango, akauchomelea fremu ya bomba chini yake, magurudumu ya toroli, na mikono ya kusukumia. Ulipokuwa tayari tukaupandisha hospitali kwa majaribio, mimi nimelala juu nikiwapungia watu kama askofu. Kwenye kona ya kuingilia chumba cha uzazi haukupita. Ulikuwa mrefu mno. Akaurudisha, akakata kipande cha chini, upana wa kiganja, na kile kipande mama yake akakifanya kuni za kupikia bukari, ugali wetu. Kitasa hakukitoa. Nilimuuliza sababu, akasema mgonjwa anahitaji kitu cha kushika. Alisema kweli. Wanawake wa uchungu walikikamata kile kitasa mpaka shaba yake ikang'aa kuliko kikombe cha misa.

Ikawa desturi. Mtu akizidiwa, ndugu zake walikuwa wanatoka barabarani na kuita: "Mulango!" Wa nyumba ya pili anadaka, "Mulango!", wa tatu, mpaka sauti inatufikia, nasi tunakuja mbio na ule mlango unatoa kelele juu ya mawe kama treni ya shaba. Watoto wadogo wa avenyu ile walijua kusema mulango kabla ya kujua kusema mama. Naongeza chumvi, lakini si nyingi.

Sasa jirani wa nyuma ya ukuta wa rafiki yangu, mtu mkubwa, mchimbaji aliyekuwa anaenda Kambove na kurudi na mchanga kwenye nyusi, alishikwa na henia. Tulimlaza. Tulimsukuma kilima chote, naye hakunyamaza hata mahali pa kumeza mate.

"Polepole, banjama! Munanisukuma sawa gunia ya makala!"

"Papa, shika kitasa," rafiki yangu akamwambia. "Usikifungue tu, utaangukia inje."

"Usinichekeshe, weye! Tumbo!" Akalia kidogo, kisha akainua kichwa. "Kwanza mweye ni banani? Nani anabalipaka?"

"Hakuna mutu," nikajibu kwa sauti yangu ya Msemaji. "Shiye ni babenevole."

"Bene nini?"

"Benevole."

Alilitafuna lile neno hatua kadhaa. Halafu akaanza kupiga kelele kwa watu waliokuwa kando ya barabara: "Leza wangu! Munasikia? Bene, ni benye. Vole, ni kuiba kwa Kifaransa. Benye kuiba! Naenda kufa mu mikono ya bezi!"

Babenevole sasa tulikuwa wenye kuiba, na barabara nzima ilianguka kwa kicheko. Rafiki yangu aliachia mikono ya mlango ili ajishike mbavu, mlango ukaanza kurudi chini na jirani yetu juu yake, mshonaji akaukamata kwa utepe wake wa kupimia. Jirani mwenyewe alikuwa anacheka na kulia pamoja, na kila akicheka henia inamkumbusha.

Alipasuliwa, akapona. Alituletea kuku mwenye afya. "Huyu siyo wa vole," akasema. Lakini jina lilikwishakwama. Kuanzia siku hiyo tukipita na mgonjwa, watoto walikuwa wanaimba: Bene-vole banapita! Nasi tuliwapigia saluti.

Naandika haya yote ili ujue kwamba utani ule ulianza vizuri.

Maisha yaliendelea kuharibika. Unga wa kampuni uliisha, kisha dawa, kisha kampuni yenyewe ikawa kama mtu anayehema. Watu wakitafuta wa kumlaumu, hawamtafuti aliye mbali. Redioni na mikutanoni wakubwa wakaanza kutufundisha somo jipya, nani ni mwenyeji na nani ni wa kuja. Wa kuja walikuwa wale ambao babu zao walitoka Kasai. Babu yake rafiki yangu aliletwa na treni ya kampuni kuja kuchoma shaba ya Likasi, akafia kwenye tanuru za Likasi, akazikwa hapa. Kasai yenyewe rafiki yangu aliijua kwenye ramani ya masomo ya jioni, na hata pale alikosea akaonyesha ziwa.

Watu walioimba zamani waliacha kuimba. Wakawa wanalisema lile neno polepole tukipita, bila kucheka. Bene-vole. Na neno jingine baya zaidi, la wadudu, ambalo walikuwa wanawaitia watu kama yeye na mama yake.

Tulikutana kwa mshonaji, suruali za watu zinaning'inia juu ya vichwa vyetu. Mtu wa Hazina alikaa na koti lake limefungwa vifungo vyote.

"Minye siko na neno na yeye," alisema, na rafiki yangu alikuwa amekaa pale pale, magoti yao yanagusana. "Ni ndugu yangu. Lakini batu banauliza, prezida ya ile klabu ni ya wapi? Tutajibu nini?"

"Tutajibu ni wa avenyu," mshonaji akasema.

"Mweye ba Maniema munyamaze kwanza. Kesho bataulizia na mweye."

Mama wa mikate aliangalia mikono yake. Niliona nianze kusema, na rafiki yangu akaniwahi. Alivua miwani yake ya kazi kutoka kwenye paji la uso, akaiweka mezani kama mtu anayerudisha cheo.

"Basi," akasema. "Minye nakuwa memba wa kawaida. Tulikuwa tunakosa moya."

Tulicheka. Ndiyo kitu kinachonikera mpaka leo, kwamba ilichekesha. Mtu wa Hazina alicheka kuliko wote, kwa raha ya mtu aliyeondolewa mzigo, na jioni ile ile akaanza kuitwa Prezida.

Waliokuwa wanawafukuza wa kuja walifika kwa rafiki yangu Jumapili, watu wakitoka kwenye maombi. Mimi nilikuwa nimemtembelea, tunakula. Tulisikia miguu mingi, kisha mtu akapiga kelele:

"Fungua mulango!"

Na hapo pakawa na kitu ambacho hata mimi nisingeweza kukibuni. Walikuwa wamekuja na mitarimbo ya kuvunjia mlango, wakakuta kitenge. Kitenge cha ndoa, chenye maua, kinapeperuka. Hawakujua wabishe wapi. Walisimama pale wamebeba vyuma vyao kama mafundi waliokosea nyumba.

"Fungua mulango!" yule akarudia, safari hii sauti haina uhakika.

"Mulango iko ku hospitali," rafiki yangu alijibu kutoka ndani. Ilikuwa kweli. Asubuhi ile mshonaji alikuwa ameupandisha na mwanamke wa mapacha.

Mmoja wao akacheka. Nilimsikia wazi. Mwingine akafuata, na kwa muda mfupi nilifikiri tumepona, kwamba kicheko kitawarudisha makwao wakaone aibu kidogo na kulala. Nimetegemea kicheko maisha yangu yote. Kisha mkono mmoja uliingia, ukakamata kitenge, ukakivuta. Kilipasuka kwa urefu wote.

Hawakumpiga rafiki yangu wala mama yake. Walisema wakiwakuta tena kesho, hapatakuwa na maneno. Juu ya ukuta wa nyuma niliona kichwa cha jirani wa henia. Alikuwa anaangalia. Aliangalia nyumba tu, jinsi mtu anavyoangalia suruali dukani.

Mama wa rafiki yangu alikuwa na miguu iliyovimba, asingeweza kutembea mpaka stesheni, ambako waliofukuzwa walikuwa wanangojea treni ya kwenda Kasai. Nilikwenda kuwaambia wenzangu wa klabu kwamba mlango unahitajika.

"Katiba yetu inasema bagonjwa," Prezida mpya alisema. Katiba hiyo ndiyo mara ya kwanza niisikie. "Ule mama iko mugonjwa, ao iko na safari tu?"

Mama wa mikate alinivuta pembeni. "Mwanangu, usinione mubaya. Mukimubeba mweye babili, batasema ni mweye babili. Tukimubeba bote, batakuja kwetu bote. Minye niko na batoto." Akanipa mikate iliyofungwa kwenye jani, bado ya moto. "Mupatie. Umuambie imetoka ku soko tu."

Kwa hiyo tulikuwa mshonaji na mimi, na rafiki yangu mwenyewe mbele akivuta. Mama alilala juu ya mlango wake, masufuria miguuni, mkono umeshika kitasa. Avenyu nzima ilikuwa nje. Watu ambao tuliwapandisha kilima kile, watoto waliozaliwa kwa sababu tuliwahi, wote walisimama. Hakuna aliyeita. Magurudumu peke yake yalipiga kelele. Karibu na kona sauti ya mtoto ilianza, "Bene-vole bana...", na kofi likasikika, ikakoma. Sijui alipigwa kwa sababu alituimbia au kwa sababu alitutukana.

"Hii mulango," mama akasema akiangalia juu, "niliifungaka kila mangaribi, myaka yote. Sikujua iko na miguu."

Stesheni ilikuwa mji mwingine. Familia zilikaa mpaka kwenye reli, chini ya maplastiki, na vyerehani, vitanda, picha za harusi, kuku. Treni haikuwepo. Watu walikaa majuma, wengine miezi, na watoto walikuwa wanakufa kwa kuhara huku Likasi inaendelea kwenda sokoni upande wa pili wa ukuta. Mshonaji na mimi tulikuwa tunaleta maji kwenye madumu juu ya ule mlango. Wengine wa klabu hawakuja. Rafiki yangu ungemkuta anachimba choo, anapanga foleni ya maji, anagombana na mtu kuhusu mahali pa kutupa uchafu. Alikuwa ameanzisha klabu nyingine pale pale.

"Tena hii iko na memba ba kawaida," aliniambia. "Bengi sana. Prezida njo tunakosa."

Mimi nilimwambia jambo hilo litapita, wakubwa watachoka kusema. Aliniangalia kama mwalimu wetu wa Kifaransa alivyokuwa ananiangalia nikisoma vitenzi.

Treni ilipokuja ilikuwa ya mabehewa ya wazi, yale ya madini. Tulimpandisha mama yake kwa kumpitisha juu ya vichwa vya watu. Nikaanza kuusukuma mlango nao upande. Akaurudisha kwa mguu.

"Acha. Hakuna nafasi."

"Ni mulango ya nyumba yako."

"Nyumba bameichukua tayari, hata kama hawajaingia. Mulango siyo ya nyumba tena. Ni ya bagonjwa. Usikubali irudie kuwa ya nyumba." Akapiga mbao kwa kiganja, kama mtu anavyompiga ng'ombe anayempenda. "Unasikia? Mulango isifungwe."

"Nimesikia."

"Basi Msemaji, sema kintu."

Mimi ninayeweza kuhutubia mtaro. Nilimtazama juu kwenye lile behewa, uso umejaa vumbi la shaba, mama yake amekaa juu ya sufuria. Nikasema: "Bon voyage." Kama kwa mtalii. Alicheka, na treni ikamvuta bado anacheka, au alikuwa anafanya uso mwingine; kwa umbali vinafanana.

Jirani wa henia aliingia katika nyumba kabla moshi wa treni haujaisha. Alisema anamtunzia. Alitunza vizuri, akaleta mke, akaleta mbuzi, akapanda mahindi. Kisha akaja kwa mshonaji, mbele ya klabu yote, akasimama akiwa amekunja mikono juu ya lile tumbo tulilolipandisha kilima.

"Nakuja kutafuta mulango yangu."

"Mulango gani?" nikauliza.

"Ya nyumba. Nyumba bila mulango ni nyumba gani? Mbuzi zinatoka, batu banaona bibi yangu akioga."

"Ile ni ya wagonjwa. Weye mwenyewe ulilala pale."

"Na minye nililalaka ku kitanda ya hospitali, sikuibeba ku nyumba." Akawageukia wengine, na nikaona anakuja na utani, nikajua tumekwisha. "Banatosha mulango ya mutu, banaita kazi ya bure. Nilisemaka toka zamani, hata henia ilikuwa inasikia: bene, vole!"

Walicheka. Prezida alicheka akapangusa macho. Mama wa mikate alicheka ndani ya kiganja. Ulikuwa utani ule ule, mtu yule yule, na wale waliokuwepo siku ya kwanza.

Wakainua mikono. Mshonaji na mimi tulikataa. Prezida na mama wa mikate walikubali, na Prezida akatufundisha kwamba sauti ya prezida ni mbili. Nilisema yote niliyoweza kusema. Nilisema juu ya baiskeli na yule mume. Nilirudia maneno ya rafiki yangu, neno kwa neno. Mama wa mikate alisema kwa upole, "Yeye ameenda, mwanangu. Huyu njo jirani." Jirani akafungua magurudumu hapo hapo, akatuachia sakafuni.

Mlango ulirudi kwenye bawaba zake, lakini ulikuwa mfupi sasa. Chini palibaki wazi upana wa kiganja. Kuku waliingia, maji ya mvua yaliingia. Aliziba kwa gunia, kuku wakalivuta nje. Na klabu? Hakuna aliyeifunga. Tulibaki na magurudumu tu, na klabu ya magurudumu haiendi mahali.

Muda mrefu baadaye mfanyabiashara mmoja aliyetoka upande wa Mwene-Ditu, kule Kasai, alinitafuta. Alikuwa na salamu. Mama hakufika, walimzika kando ya reli mahali ambapo treni ilisimama kwa sababu zake. Rafiki yangu anatengeneza baiskeli na hajambo. Anauliza, mulango iko bien?

"Iko kazini," nikajibu. "Mwambie iko kazini."

Na mwaka huo huo, asubuhi, mama wa mikate alianguka mbele ya karai lake la mafuta. Mdomo ulipinda, mkono mmoja ukawa hauna mwenyewe. Binti yake alitoka barabarani na, bila kufikiri, akaita vile alivyokuwa anaita tangu utoto:

"Mulango!"

Wa nyumba ya pili akadaka. "Mulango!" Watu ambao sikuwasikia wakilisema neno hilo tangu siku ya stesheni walikuwa wanalipiga kwa sauti zao zote, na miguu yao ikakimbilia mahali pale pale, penye mlango wa kijani. Nilikuwa mmoja wao. Tulifika kundi zima, tunahema, tunapiga mbao kwa mikono.

"Mulango! Mulango!"

Ndani kitu kikaanguka. Kisha tulisikia komeo linasukumwa, na meza inakokotwa, na sauti ya jirani wa henia, nyembamba, sikuijua:

"Minye ni mwenyeji! Muulize batu bote! Baba yangu alizaliwaka hapa!"

"Papa, ni mugonjwa!" nilimwambia. "Tunaomba mulango tu, ni mama wa mikate!"

"Banasemaka vile! Nendeni! Minye siko wa kuja!"

Niliinama nizungumze naye kupitia pale chini, mahali ambapo rafiki yangu alikata ili kona ya chumba cha uzazi ipitike. Niliona miguu yake. Ilikuwa mitupu, imekazwa kwenye mbao, vidole vinang'ang'ania saruji. Nilimwita tena kwa upole, kama unavyomwita mtu aliyelala. Miguu ikasukuma zaidi.

Mshonaji alikwenda kuleta kitambaa kipana cha kumbebea mama wa mikate.